Mtoto Huyu Anaona, Msogezeni Mbele



Mtoto wa Kiswahili hulelewa kwa shikamoo. Akikutana na mtu mzima njiani humwamkia kabla ya neno lolote, na asipoamkia, habari hufika nyumbani kabla yake: mwanenu huyo mnamleaje, amenipita hivi hivi kana kwamba mimi si mtu. Mama huona haya, baba hukasirika. Lakini mtoto mwenye ualbino anapokupita hivyo, mara nyingi ni kwa sababu moja tu: hajakuona. Ulikuwa ng'ambo ya barabara, saa saba mchana, jua limewaka juu ya mchanga mweupe, naye aliona mtu anapita, basi. Rangi ya kanga uliyojifunga aliiona, maana rangi anaziona vizuri. Sura yako hakuipata. Jioni anachapwa kwa kukosa adabu, wala hana la kujitetea, kwa kuwa amezaliwa na macho hayo na hajawahi kuwa na mengine. Hajui kwamba wenzake wanaona zaidi yake.

Leo nataka tuyazungumzie macho hayo. Tukitaja ualbino, sisi tunaosema redioni na ninyi mnaotusikiliza, huenda moja kwa moja kwenye ngozi na kwenye usalama, na tuna sababu. Kanda ya Ziwa hapa Tanzania ilipita katika kipindi kibaya kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watu wakiwindwa, wakikatwa viungo na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, na hatujafika mahali pa kusema kwamba hofu hiyo imekwisha. Jua nalo linaua kwa saratani. Lakini ninachosema jioni hii ni kwamba macho ndiyo yanayoamua sehemu kubwa ya maisha ya mtu mwenye ualbino, na macho ndiyo tuliyoyapa nafasi ndogo kuliko yote. Mtoto akitafutiwa losheni na kofia, akalindwa dhidi ya wauaji, kisha akaachwa darasani miaka saba bila kuona ubao, kazi tumeifanya nusu.

Tuanze na chanzo, kwa kifupi. Ualbino ni hali ya kurithi. Aina inayoonekana kwenye ngozi, nywele na macho kwa pamoja, ambayo ndiyo tunayoizoea hapa kwetu, humpata mtoto aliyerithi nakala mbili za jeni yenye hitilafu, moja ya baba na moja ya mama. Mzazi mwenye nakala moja tu haonyeshi dalili yoyote na anaweza kuzeeka bila kujua. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuleta mtoto mwenye ualbino. Akina baba mnaowaachia wake zenu watoto hawa na kuondoka, sikilizeni vizuri hapo. Mtoto huyo hakuweza kuzaliwa hivyo bila mchango wako.

Duniani hali hii ni adimu. Ulaya na Marekani ya Kaskazini hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Kwa Tanzania, kadirio linalotajwa sana ni mmoja kati ya 1,400. Majirani zetu wa Kenya waliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019 wakapata watu 9,729. Kwa hiyo jambo ambalo kwa daktari wa macho wa Ulaya ni la nadra, kwetu linapatikana karibu kila kata, na walimu wetu wengi watakutana nalo kabla hawajastaafu.

Kinachokosekana mwilini ni melanini, ile rangi ya asili ya ngozi na nywele. Ndani ya jicho melanini ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia mwanga. Lile duara la rangi linalozunguka mboni, kwa mtu mwenye melanini ya kutosha, haliruhusu mwanga kupita; mwanga huingia kwenye tundu la katikati peke yake. Kwa mwenye ualbino duara hilo ni kama pazia jepesi kwenye dirisha lililoelekea jua: mwanga unaingia kila upande. Ndiyo maana anakunja uso, anafinya macho, anainamisha kichwa akitoka nje. Watu husema ana hasira, au anaringa. Mwanga unamuumiza.

Kazi ya pili ya melanini ni kubwa zaidi, na wengi hawaijui. Jicho linapojengwa, mtoto akiwa bado tumboni, melanini inahitajika katika ujenzi wenyewe. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaitwa retina, na katikati ya retina kuna sehemu ndogo isiyofika milimita mbili ambayo ndiyo tunayoitegemea kuona vitu vidogo: herufi kitabuni, sura ya mtu, tundu la sindano. Melanini inapopungua, sehemu hiyo haikamiliki. Tena ziko nyuzi za neva zinazotoka katika kila jicho kwenda kwenye ubongo. Kwa kawaida baadhi huvuka kwenda upande wa pili na baadhi hubaki upande wake. Kwa mwenye ualbino, nyuzi zinazovuka huwa nyingi kupita kiasi, na macho mawili yanashindwa kushirikiana ipasavyo. Ndipo yanapotokea makengeza, na ndipo kupima umbali kwa macho kunapokuwa kugumu: ngazi ya mwisho iko wapi, shimo hili lina kina gani, mpira unaokuja umebakiza hatua ngapi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanajibu swali ambalo wazazi huuliza wakitoka kliniki wamekata tamaa: tumemnunulia miwani, mbona bado haoni mbali? Miwani hupeleka picha mahali pake kwenye retina. Retina yenyewe ikiwa haikukamilika, miwani haiwezi kuikamilisha. Hilo halina maana kwamba miwani ni bure. Watoto wengi wenye ualbino wana kasoro nyingine juu ya hiyo, macho yao hayakusanyi picha vizuri, na kasoro hiyo miwani inairekebisha. Mtoto aliyekuwa anaona sura kama ukungu anaanza kuona macho na mdomo. Kuikataa miwani kwa sababu haileti uoni kamili ni kumnyima mtoto hata kile kinachowezekana.

Halafu kuna macho kuchezacheza. Mama huligundua jambo hilo mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu: anamnyonyesha, anamtazama, na macho ya mtoto yanakwenda huku na huko, hayatulii. Anaogopa, na mara nyingi anaogopeshwa zaidi na majirani. Basi ajue mambo mawili. Mtoto mwenyewe haoni dunia ikitikisika. Ubongo wake umezoea tangu mwanzo. Na kadiri anavyokua, mchezo huo wa macho kwa kawaida hupungua, ingawa hauishi. Unazidi akichoka, akiumwa, au akiwa na wasiwasi. Mwalimu anayemsimamisha mtoto huyu mbele ya wenzake na kumkaripia kwa nini hasomi sentensi ya ubaoni, anayafanya macho yake yachezecheze zaidi, na mtoto anaona vibaya zaidi kuliko alivyokuwa akiona dakika moja kabla.

Wengi wao hugundua wenyewe kwamba wakigeuza kichwa upande fulani macho hutulia kidogo na maandishi husomeka. Basi mtoto husoma kichwa kimeinama, au humtazama mtu kwa upande. Kwetu mtoto kumtazama mkubwa kwa upande ni dharau, na mtoto huyu ataambiwa tangu asubuhi hadi jioni aweke kichwa sawa. Muacheni. Huo ndio mkao anaoonea.

Kipimo cha macho huandikwa kwa namba mbili. Sita kwa sita ni jicho lisilo na tatizo. Watu wengi wenye ualbino hupimwa na kukutwa kati ya 6/18 na 6/60. Ukisikia 6/60, maana yake ni kwamba herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 60, huyu atahitaji kuisogelea hadi mita 6. Shirika la Afya Duniani linahesabu upofu kuanzia chini ya 3/60. Kwa hiyo mtu huyu si kipofu. Ana uoni hafifu, na kati ya upofu na uoni hafifu pana nafasi kubwa sana ambamo mtu anaweza kusoma, kuandika, kufanya kazi na kujitegemea. Wala hali yake haizidi kuwa mbaya mwaka hadi mwaka. Wale wanaomwambia msichana wa miaka 15 kwamba asijisumbue na kidato cha kwanza maana atapofuka tu, wanamdanganya. Ualbino peke yake haumpeleki mtu kwenye upofu.

Sasa twende darasani, maana huko ndiko mambo yanakoharibika.

Katika shule zetu nyingi vitabu havitoshi, na elimu hupita ubaoni. Mwalimu anaandika, wanafunzi wananakili. Mtoto wa 6/60 akiketi dawati la nyuma, kwake ubao hauna maandishi. Anasikia chaki inagonga, anaona mwalimu anasogea kutoka kushoto kwenda kulia, anaona wenzake wameinamia madaftari. Atafanya nini? Akiwa jasiri atanyanyuka, asogee hadi pua iguse ubao, asome mstari mmoja, arudi kwenye dawati, auandike, anyanyuke tena. Wenzake wanalalamika kwamba anawaziba. Mwalimu anamwambia, "Wewe, kaa chini." Akiwa mpole ataazima daftari la jirani wakati wa mapumziko, wenzake wakicheza, na atanakili makosa ya jirani pamoja na kazi yake. Hapo hisabati ndiyo humshinda mapema, kwa kuwa hisabati hufundishwa kwa mkono ukiandika na mdomo ukisema "hii ukiitoa hapa, ukaileta huku", na yeye hajui hii ni ipi na huku ni wapi.

Mwisho wa muhula ripoti inaandikwa kwamba mtoto ni mzito. Ni maneno mafupi, na yana uzito zaidi ya anavyodhani aliyeyaandika. Baba mwenye watoto watano na ada ya mmoja ataanza kupanga nani aendelee.

Na yapo makosa yanayofanywa kwa nia njema. Kwa miaka mingi watoto wenye ualbino wamepelekwa katika shule na vitengo vya wasioona, na kipindi cha mauaji kilipozidi, watoto wengi walihamishiwa sehemu za usalama kama Buhangija mkoani Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi. Ulinzi ulihitajika, sitamlaumu mzazi aliyempeleka mwanawe huko usiku mmoja bila kuaga. Lakini katika shule za wasioona mtoto hufundishwa nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole. Mtoto mwenye ualbino anazisoma nukta hizo kwa macho. Anainamia karatasi, anatafuta kivuli cha kila nundu kwenye karatasi nyeupe, kazi inayochosha macho mara kumi kuliko herufi kubwa nyeusi iliyopigwa chapa vizuri. Anamaliza shule akiwa na maandishi ambayo ofisini hayatumiki, dukani hayatumiki, na hata barua ya kwao hawezi kuiandika ikasomwa.

Mtoto mwenye 6/60 anahitaji maandishi makubwa na nafasi ya mbele. Baraza la Mitihani la Tanzania linalijua hilo: katika mitihani ya taifa watahiniwa wenye uoni hafifu hupewa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa, na muda wa nyongeza. Ni utaratibu mzuri. Swali langu ni kwa nini mtoto apewe karatasi iliyokuzwa siku ya mtihani, baada ya kusoma miaka saba kwa maandishi madogo ya wenzake.

Nilisema mwanzoni kwamba macho ndiyo yanayoamua sehemu kubwa ya maisha ya mtu huyu. Fuatana nami hapa. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao juu ya ngozi za watu wenye ualbino nchini, na tangu hapo tunajua jinsi jua la ukanda huu linavyoziharibu ngozi hizo mapema na jinsi saratani inavyowaua watu wakiwa bado vijana. Leo tuna mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya ngozi hizi, na ni jambo la kujivunia. Lakini jiulize ni nani anayeshinda juani. Ni yule aliyeacha shule. Aliyeshindwa kuona ubao akaitwa mzito, akarudi nyumbani, akapewa jembe, au akaweka meza ya nyanya kando ya barabara bila mwavuli. Aliyefaulu yuko ofisini, darasani au maabara, chini ya paa. Losheni inamfuata mtu huyu akiwa tayari yupo shambani. Miwani na dawati la mbele vingemzuia asifike huko. Ndiyo maana naona si sawa kuiweka saratani kwenye bajeti ya afya na kuyaacha macho yawe suala la huruma ya mwalimu mmoja mmoja.

Ushahidi kwamba watu wenye ualbino wanasoma wakiwezeshwa upo, na una majina. Mumbi Ngugi aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2011, na mwaka 2021 akaingia Mahakama ya Rufaa. Kazi ya jaji ni kusoma: majalada, hati, hukumu za zamani, kurasa kwa maelfu. Hapa kwetu Al-Shaymaa Kwegyir aliingia bungeni mwaka 2008, Salum Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Abdallah Possi, mwanasheria mwenye shahada ya uzamivu, akawa naibu waziri mwaka 2015 kisha balozi wetu Ujerumani. Sizitaji nafasi hizi ili kila mtoto aambiwe awe waziri. Nazitaja kwa sababu ya kurasa. Hakuna hata mmoja wao aliyefika hapo bila kusoma kurasa nyingi kwa macho yale yale ambayo mwalimu wa darasa la pili anayaona hayafai.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Kuna lenzi ya kukuzia inayowekwa juu ya ukurasa na kusogezwa mstari kwa mstari. Kuna darubini ndogo ya jicho moja, inayokaa kiganjani, ambayo mtoto huielekeza ubaoni na kuusoma akiwa ameketi. Kuna kibao cha mteremko cha kuinua kitabu, ili mtoto asishinde ameinama mpaka mgongo uume. Kuna kalamu nene ya wino mweusi na daftari lenye mistari iliyokolea. Kuna miwani yenye rangi ya kupunguza mwanga, na kofia ya ukingo mpana, ambayo watu hudhani ni ya ngozi tu, kumbe kwa kulikinga jicho na jua la juu humfanya mtu aone vizuri zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayemwamuru mtoto avue kofia kwa sababu haimo katika sare anamwondolea kinga ya ngozi na msaada wa kuona kwa amri moja.

Niseme neno juu ya miwani ya jua inayouzwa mkononi na vijana wetu barabarani. Weusi wa kioo hauna uhusiano na uwezo wake wa kuzuia miale inayodhuru. Kioo cheusi kisicho na kinga hiyo humpa mtu nafuu ya mwanga na kuliacha jicho bila ulinzi. Ya mtoto mwenye ualbino ichaguliwe na mtaalamu wa macho.

Na simu. Leo simu ya kawaida yenye kamera ni kifaa kizuri cha uoni hafifu: mtoto anapiga picha ubao, anaikuza kwa vidole viwili, anasoma. Mtu mzima anaisogeza kwenye bei ya dawa, kwenye fomu ya benki, kwenye orodha iliyobandikwa juu ukutani. Lakini shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na sababu zake tunazijua. Naamini nafasi ya kumfikiria huyu mmoja ipo. Simu au kishikwambi kisicho na laini, kikakaa kwa mwalimu na kutolewa wakati wa kipindi, hakitavunja nidhamu ya shule. Wizara ya Elimu ikitoa waraka wa ukurasa mmoja juu ya jambo hilo, watoto wengi wataona ubao kwa mara ya kwanza.

Mengine hayahitaji hata shilingi. Dawati la mbele, katikati, mtoto akilipa dirisha mgongo, maana akilielekea dirisha mwanga unamfuta mwalimu. Ruhusa ya kudumu ya kunyanyuka na kusogelea ubao, iliyotangazwa mbele ya darasa zima ili asiombe kila siku kama mwenye makosa. Mwalimu kusema kwa sauti kila anachokiandika. Mwandiko mkubwa. Kumruhusu aweke kitabu karibu na pua: watu wengi bado wanaamini kwamba kusoma kwa karibu kunaharibu macho, wakamnyang'anya mtoto njia yake pekee ya kuzikuza herufi. Hakuharibu kitu.

Na sisi wa mitaani tuna sehemu yetu. Ukikutana na mtu mwenye ualbino unayemfahamu, mtangulie kwa sauti na ujitaje: "Kaka, habari za siku nyingi, ni mimi Juma wa pale sokoni." Utamwondolea kazi ya kubahatisha. Dar es Salaam mtu mwenye uoni hafifu huijua daladala yake kwa rangi ya mstari wa ubavuni na kwa sauti ya konda anayeita kituo. Maandishi ya mbele ya gari humfikia limeshampita. Akikuuliza, "Dada, hii inakwenda Mbagala?", huku maandishi yakiwa mbele yenu, mjibu tu. Na ewe wa bodaboda, ukimwona amesimama kando ya barabara mchana wa jua kali, kumbuka kwamba huenda wewe unamwona yeye na yeye hajui upo umbali gani.

Kila tarehe 13 Juni, tangu mwaka 2015, dunia huadhimisha siku ya kukuza uelewa juu ya ualbino. Kwetu kuna maandamano, hotuba na ugawaji wa mafuta ya ngozi. Ombi langu kwa waandaaji wa mikoa yote ni kwamba pembeni ya meza ya mafuta iwepo meza ya kupima macho, na mwenye kupima awe na miwani na lenzi za kumpa mtu aondoke nazo. Shirika la Standing Voice limekuwa likiendesha kliniki za macho kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa hiyo namna ya kuifanya kazi hii tunayo tayari hapa nchini.

Sasa wewe mzazi. Kama mtoto wako ana ualbino na hajapimwa macho, usisubiri aanze shule wala aweze kusema herufi. Daktari wa macho anaweza kumpima hata mtoto anayenyonya, na huenda akahitaji miwani tangu hapo. Anza na kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wakishindwa, waombe rufaa: Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, kote huko wapo wataalamu wa macho. Ukifika usiulize miwani tu. Uliza huduma ya uoni hafifu, uliza lenzi ya kukuzia, na omba kipimo cha mtoto uandikiwe kwenye karatasi. Rudi kila mwaka, kwa sababu mtoto anakua na miwani inabadilika.

Karatasi hiyo ipeleke shuleni wewe mwenyewe. Mwone mwalimu mkuu, mwone na mwalimu wa darasa, uwaambie kwa mdomo wako mtoto anaona umbali gani na anatakiwa aketi wapi. Na wewe mwalimu unayenisikiliza, ambaye darasani kwako yupo mtoto huyu, usingoje karatasi. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, msogeze mbele.